Joto Lilipita Batini: Kisa cha Banda la Vifaranga Nyuma ya Nyumba, Njombe

Majina, kata na jina la waliouza vifaranga nimeyaacha. Vipimo vya banda na hesabu za vifo vinatoka kwenye daftari la mwenye banda. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na kwa sababu ya baridi ya huku nimejikuta naitwa kwenye mabanda mara nyingi kuliko sebuleni. Katika kisa hiki niliitwa siku ya nne, kwa hiyo ya siku tatu za kwanza nimeyapata kwa mama mwenyewe, kwa kijana wake wa kazi, na kwa hilo daftari.

Mahali na watu

Nyumba iko katika mji mmoja wa mkoa wa Njombe, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asiyewahi kulala Njombe mwezi wa Julai anaweza kudhani natia chumvi. Kipupwe kinashika Juni hadi Agosti. Mchana jua linawaka na watu wamevaa makoti. Likizama tu, joto linaporomoka, na kabla ya alfajiri kipimajoto cha nje kinaweza kusoma nyuzi 6 za Selsiasi au chini ya hapo. Kule juu Makete, kwenye uwanda wa Kitulo, zipo asubuhi nyasi zinaamka na barafu.

Mwenye banda ni mtumishi wa umma. Anaishi na mumewe, watoto, na kijana anayewasaidia kazi za nyumbani. Mpango wake ulikuwa na akili: anunue vifaranga chotara wa siku moja, awalee wiki nne, kisha awauzie majirani wanaotaka kuku lakini wanaogopa ulezi. Kifaranga wa siku moja unampata kwa oda ya simu. Kifaranga wa mwezi mmoja anagombaniwa, kwa kuwa kazi ngumu ya joto imeshafanywa na mtu mwingine.

Kazi hiyo ngumu ndiyo hasa iliyoharibika.

Banda lilivyojengwa

Ramani ilitoka Kibaha, mkoa wa Pwani. Yaani shemeji yake anafuga huko, akatuma picha ya banda lake kwa simu, na fundi wa Njombe akajenga alichokiona. Meta 5 kwa meta 4, urefu wa meta 2.4 kwa wastani. Kuta fupi mbili za tofali za kuchoma hadi juu. Kuta ndefu mbili zina tofali hadi sentimeta 90 tu, kisha wavu wa kuku mpaka kwenye bati. Paa ni bati tupu bila dari. Turubai limefungwa juu kwenye mkanda wa mbao, likishuka kufunika wavu.

Kwa Kibaha banda hilo ni zuri sana, wala silisemi vibaya. Kule adui wa kuku ni joto: unataka upepo ukatize toka ubavu mmoja hadi wa pili. Lakini ukilipandisha meta 2,000 bila kubadilisha kitu, umejenga chombo cha kupoza.

Fundi alifanya kazi safi, nondo na zege vimenyooka. Aliniambia baadaye, bila ubishi, kwamba hakuna aliyemwambia kuku wenyewe watakuwa na umri gani. Yeye alielewa "banda la kuku", na kuku mkubwa mwenye manyoya anaivumilia Njombe vizuri tu.

Ndani, vifaa vilipangwa hivi. Taa mbili nyekundu za kulelea, wati 250 kila moja, zikining'inia katikati ya chumba kwenye holda za plastiki, zimeshikiliwa na waya wake wenyewe wa umeme. Umeme ulitoka soketi ya jikoni kwa ekstensheni ya meta 30, na kwa kuwa banda liko meta 12 tu kutoka jikoni, waya uliobaki ulikuwa umezungushwa kwenye gurudumu lake. Sakafu ya saruji ilimwagwa siku tisa kabla ya vifaranga kufika. Juu yake maranda, kimo cha vidole viwili. Kipimajoto kilitundikwa kwenye msumari ukutani, usawa wa macho ya mtu mzima.

Kuna jambo la kalenda pia. Oda ya vifaranga ililipiwa kabla paa halijapandishwa. Waliouza walikuwa na tarehe yao, na kifaranga aliyeanguliwa hasubiri saruji ikauke. Siku za mwisho za ujenzi zikawa za kukimbizana, na ile siku iliyopaswa kuwa ya kuwasha joto banda likiwa tupu, ili kupima linashika kiasi gani, ikaliwa na kupigilia mlango.

Siku tatu za kwanza

Vifaranga 204 walifika na basi asubuhi, mapema Julai, maboksi mawili ya mia na nyongeza ya wawili kila boksi. Walikuwa wachangamfu. Walinyweshwa maji ya uvuguvugu yenye sukari, wakapewa chakula, na mchana kwa jua lile kipimajoto cha ukutani kilisoma 27. Mama akaandika kwenye daftari: "Banda lina joto zuri."

Usiku wa kwanza wakawasha taa zote mbili na jiko moja la mkaa pembeni. Saa tisa usiku kijana aliingia akakuta vifaranga wamejisukuma kona moja, wamepandana kama mchanga uliokusanywa na fagio. Kifaranga wa wiki ya kwanza hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Anategemea la mama yake, na asipolipata anatafuta la mwenzake. Wa chini hufa kwa kukosa hewa, wa juu kwa baridi. Asubuhi walihesabu 11. Mama aliposhusha kipimajoto hadi sakafuni, pale vifaranga walipolala, kilisoma 19. Ukutani kilikuwa kinasema 24.

Siku ya pili uamuzi ulikuwa ule ambao karibu kila mtu angeufanya: ongeza moto. Majiko matatu ya mkaa, turubai likashushwa na kubanwa kwa matofali chini, nguo kuukuu zikachomekwa kwenye mianya ya juu. Kijana akalala humo humo, kwenye godoro, ili achochee.

Mnamo saa nane usiku aliamka kwenda kujisaidia. Anasema kichwa kilikuwa kinampasuka na magoti hayakumbeba, alitapika mlangoni. Alikaa nje kwenye baridi nusu saa akidhani ni malaria. Alipomgongea mama dirishani alisema, "Mama, samahani, nadhani naumwa." Vifaranga ndani walikuwa wamelala kimya, wengi hawanyanyui shingo hata ukiwagusa. Wakafungua turubai kwa hofu, baridi ikaingia yote kwa mpigo. Vifo vya usiku ule: 14.

Haikuwa malaria. Mkaa unaowaka taratibu mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Kila kipupwe husikika habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Kijana huyu aliokolewa na kibofu chake, na nimemwambia hivyo usoni.

Siku ya tatu mume alileta hita ya umeme ya wati 2,000 kutoka kwa rafiki. Ikachomekwa kwenye ekstensheni ile ile pamoja na taa zote mbili. Jumla wati 2,500, karibu ampea 11, kupitia waya mwembamba uliozungushwa. Waya ukiwa umelala wazi hupoa; ukiwa umejikunja mara ishirini unajipika wenyewe. Kabla ya saa sita usiku plastiki iliyeyuka, nyaya zikagusana, breka ya nyumba nzima ikaanguka. Bahati ni kwamba gurudumu lilikuwa juu ya saruji ya nje na si juu ya maranda. Usiku huo walikufa 9, waliosalia wakamalizia usiku kwenye beseni na maboksi jikoni, karibu na figa za kuni.

Siku ya nne, saa moja asubuhi, nikapigiwa simu. Vifaranga 170.

Hesabu ya siku ya nne

Nilipofika, baada ya "kamwene" na chai, mama alinipa swali moja: "Kaka, ninunue hita ya ukubwa gani?"

Nikamwomba kwanza tuhesabu joto linatokea wapi. Hii hesabu ni ya kukadiria, lakini mtu yeyote mwenye utepe wa kupimia anaweza kuifanya. Kila meta ya mraba ya ukuta au paa inavujisha wati kadhaa kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Bati tupu ni kama wati 7. Turubai ni kama 6. Tofali la kuchoma la ukuta mmoja ni kati ya 2.5 na 3.

Tuseme nje ni 6 na tunataka chumba kizima kiwe 26. Tofauti ni nyuzi 20. Bati lina meta za mraba 22 kwa kuhesabu mteremko: 22 mara 7 mara 20, wati 3,000 na ushee. Turubai meta 15: wati 1,800. Tofali meta 28: wati 1,500. Bado hewa inayopenya kwenye mianya, ambayo katika chumba cha meta za ujazo 48 chenye kuta za wavu haikosi kula wati 1,000 nyingine. Jumla ni zaidi ya kilowati 7.

Taa zake mbili zilikuwa zinatoa nusu kilowati.

Kilo moja ya mkaa mzuri ina nguvu ya kama yuniti 8 za umeme; jiko linalokula kilo hiyo kwa saa nne linatoa kilowati 2. Majiko matatu na taa kwa hiyo yalikaribia kutosha, na ndiyo maana usiku wa pili banda lilipata joto kweli. Lakini yalitosha kwa kuziba hewa, na kwa kuziba hewa yakaanza kuua. Hilo mama alilielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Alinyamaza kidogo akasema, "Kwa hiyo nilikuwa napasha bati." Ndiyo. Karibu nusu ya kila alichochoma kilikuwa kinatoka juu kwenda kuwapasha joto popo.

Tulichoamua, na kwa nini

Hita kubwa tuliikataa. Kilowati 7 zingehitaji laini mpya, na bili yake ingekula faida ya mikupuo miwili. Hita ya gesi ya mtungi tuliijadili. Inafanya kazi vizuri kwenye mabanda makubwa, lakini nayo inakula oksijeni ya chumba, na baada ya usiku ule sikuwa na moyo wa kuwaachia moto mwingine ndani. Dari ya singibodi kwa banda zima ingesaidia sana, ila fedha haikuwepo na muda haukuwepo. Vifaranga walikuwa kwenye beseni wakilia.

Tukaamua tusipashe banda. Tupashe kona.

Kwenye kona ya kaskazini tukajenga chumba ndani ya chumba: meta 2 kwa meta 2.5, kimo cha meta 1.2. Fremu ya mirunda. Kuta na dari ya mabanzi, yale magome ya mbao ambayo viwanda vya kupasulia mbao huku vinauza kwa bei ya kuni. Nje ya mabanzi tukapanga viroba vilivyojazwa maranda makavu, na juu ya dari vile vile. Njombe ina maranda kuliko maneno. Maranda hayapitishi joto kirahisi kwa sababu yamejaa hewa iliyotulia. Unene wa shubiri moja kwenye kiroba unafanya kazi ambayo tofali nene halifanyi.

Angalizo moja hapa, maana nimeliona likikosewa: maranda na vumbi kutoka mahali wanapotibu nguzo za umeme kwa dawa yasiingie bandani. Rangi ya kijani kibichi kwenye mbao ni ishara. Mama alikuwa ameahidiwa mzigo wa bure kutoka mahali kama hapo; tukaukataa, tukanunua ya msonobari mbichi usiotiwa dawa, yaliyoanikwa. Na sakafuni ni maranda, si vumbi laini la msumeno. Kifaranga anakula vumbi, linajaa kwenye gole, ule mfuko wa chakula shingoni.

Kwa chumba kile kidogo, hesabu ile ile ikatoa wati 450 hadi 550. Taa zile zile mbili zikatosha.

Sakafu nayo ilikuwa na lake. Saruji ya siku tisa bado ina maji, na maji yanapokauka yanaondoka na joto. Tukatandika nailoni nzito, juu yake mabanzi membamba, kisha maranda ya sentimeta 10. Kona nne za chumba tukazizungusha kwa maboksi ya vifaranga yaliyokatwa, ili pasiwe na mahali pa kusongamana.

Umeme nikauvuta upya kutoka meni swichi kwa waya wa milimita za mraba 2.5, ndani ya bomba, na breka yake peke yake. Holda za kauri, kwa kuwa za plastiki zilikuwa zimeshaanza kupinda mdomo. Kila taa ikaning'inizwa kwa mnyororo na si kwa waya wake, sentimeta 45 juu ya maranda, na kila moja na kipande cha bati juu yake ili viroba vya dari visiyeyuke. Taa ya tatu ikakaa kwenye kabati kama akiba.

Turubai likageuzwa. Hili ni dogo na wengi hawalijui: lilikuwa limefungwa juu, kwa hiyo ukitaka hewa unalinyanyua kutoka chini, na upepo unaingia moja kwa moja kwa vifaranga. Tukalifunga chini, likawa linapandishwa kwa kamba. Sasa mwanya unafunguka juu, hewa chafu inatoka, na kifaranga hapigwi na upepo.

Kipimajoto kikafungwa kwa uzi usawa wa mgongo wa kifaranga, hatua moja kutoka taa. Lengo la wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 34, kisha kushusha mbili au tatu kila wiki kwa kuinua taa.

Likabaki la umeme kukatika. Mama alitaka jiko moja la dharura. Nilikataa kwa ukali ambao baadaye niliuombea radhi. Badala yake tukapanga hivi: moto ubaki nje, joto liingie ndani kwa maji. Dumu la lita 20 lenye maji ya nyuzi 80, likipoa hadi 40, linatoa joto karibu sawa na yuniti moja ya LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Madumu mawili yaliyofungwa gunia, kwenye chumba kinachohitaji nusu yuniti kwa saa, ni kama saa nne za kupumua. Kwa mwinuko wa Njombe maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 93 hivi, hata hivyo hayo nayo hulegeza plastiki, kwa hiyo anachemsha, anachanganya na ya baridi kidogo, ndipo anajaza.

Matokeo

Saa kumi jioni chumba kilikamilika, kikawashwa kwa saa mbili kikiwa kitupu, na vifaranga wakaingia usiku. Saa kumi alfajiri, nje kukiwa nyuzi 7, kipimajoto cha chini kilisoma 31. Walikuwa wametawanyika, wengine wamelala na mbawa zimekunjuka, wengine kwenye maji. Ukijua kuwasoma huhitaji hata kipimajoto: wakisongamana chini ya taa wanahisi baridi, wakiikimbia taa wanaungua, wakienda wote upande mmoja kuna upepo unaingia upande wa pili.

Siku ya tano hadi ya saba walikufa 8 zaidi. Hao walikuwa wameshaumizwa na siku za mwanzo. Kifaranga aliyepigwa na baridi kali mara nyingi hufa siku kadhaa baadaye, akiwa na joto la kutosha, na mfugaji anatafuta ugonjwa usiokuwepo. Wiki ya pili walikufa 2.

Usiku wa nane umeme ulikatika karibu saa tatu. Kijana aliwasha kuni nje, madumu mawili yakaingia. Joto la chini lilishuka kutoka 30 hadi 26. Hakufa hata mmoja, na asubuhi walikutwa wameyazunguka madumu kama wazee kwenye moto wa kahawa.

Wiki ya tatu walikufa 5, na hao ni wangu. Nitaeleza chini.

Waliofikia wiki nne ni 155 kati ya 204. Hadi siku hiyo breka ya banda, ambayo niliiwekea mita ndogo, ilikuwa imesoma yuniti 196. Hapo ndipo mama alipopata mshtuko wa pili. Nyumba yao ilikuwa kwenye daraja la matumizi madogo: yuniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi, zinazozidi kwa shilingi 350. Alikuwa amepiga bajeti ya joto kwa shilingi 100 yote. Lakini nyumba peke yake hutumia kama yuniti 50, kwa hiyo jumla ya mwezi ilikuwa 246, na 171 kati yake zikalipiwa kwa bei ya juu: karibu shilingi 60,000 kabla ya kodi. Mkupuo ule haukumpa faida. Haukumpa hasara kubwa pia. Walionunua walilipa vizuri.

Uchambuzi

Watu waliposikia kisa hiki walisema kosa ni mkaa. Mkaa ndio uliokuwa hatari kuliko vyote, sibishi, lakini ulikuja kujibu swali ambalo lilikuwa limekosewa tayari. Tangu siku ya kwanza kila mtu alikuwa anauliza moto kiasi gani. Hakuna aliyeangalia juu. Banda lingekuwa na dari, hata ya magunia yaliyoshonwa, wangefika usiku wa kwanza wakiwa na tatizo dogo linalorekebishika, na kijana asingelala na majiko matatu.

Ramani ya Pwani ndiyo ilibeba kosa hilo. Mtu anayepokea picha ya banda kutoka kwa ndugu anayefanikiwa haoni kwamba anapokea pia hali ya hewa ya ndugu huyo. Ningependa fundi awe na mazoea ya kuuliza umri wa mifugo kabla ya kuchimba msingi, ila simlaumu. Mwenye kujenga ndiye aliyejua vifaranga wanakuja.

Kipimajoto cha ukutani kilifanya madhara zaidi kuliko kama kisingekuwepo. Joto linapanda, kati ya macho ya mtu na mgongo wa kifaranga kulikuwa na nyuzi 5 za tofauti usiku ule. "Banda lina joto zuri" iliandikwa mchana, kwa kimo cha mtu, jua likiwa batini. Vitu vitatu visivyomhusu kifaranga.

Daftari kwa upande mwingine lilituokoa. Bila zile saa na namba tusingejua kwamba vifo vya usiku wa kwanza na vya usiku wa pili vina sababu tofauti, tungevichanganya na kutafuta dawa moja.

Kuhusu kidhibiti joto, yaani kile kifaa kinachozima taa joto likifika kiwango. Mama aliniuliza siku ya nne kama tununue. Nilisema hapana, gharama, kijana atazima kwa mkono. Wiki ya tatu, siku moja ya jua kali, kijana alitumwa sokoni akachelewa. Bati likawaka, viroba vile vile vinavyolizuia joto lisitoke usiku vikalizuia lisitoke mchana, na saa nane mchana chumba kilikuwa nyuzi 39 na taa zote mbili zinawaka. Watano wamekufa vinywa wazi, mbali na taa kadiri walivyoweza kufika. Chumba kinachotunza joto vizuri kinahitaji kuangaliwa kuliko banda linalovuja, na mimi nilikitengeneza nikakiacha bila macho. Kidhibiti kingegharimu chini ya bei ya hao watano na wale ambao wangeweza kufuata. Nilinunua cha kwangu nikakifunga bila malipo.

Kuna pia harufu. Siku ya tisa ndani kulikuwa na amonia ya kuwasha macho, kwa sababu kwa hofu ya baridi tulikuwa tumeziba dari yote. Tukaacha mwanya wa vidole vinne upande wa juu, urefu wote wa chumba. Joto lilishuka nyuzi moja na nusu, basi.

Jambo ambalo bado tunabishana ni mkupuo ujao. Mume anataka dari ya singibodi banda zima, apate nafasi ya vifaranga 500. Mama anataka chumba kile kile kipanuliwe na fundi wa vyuma amtengenezee jiko la pipa ambalo mlango wake wa kuni uko nje ya ukuta, bomba la moshi likatize ndani kwenda kutokea upande wa pili, ili moshi na gesi visiguse hewa ya ndani na LUKU ibaki kwa ajili ya taa moja tu. Mimi niko upande wa mama, kwa sharti bomba liwe la kipande kimoja ndani ya chumba, bila kiungio. Kijana naye ameweka sharti lake: atalala nyumbani.